Karibu ya Mbwa

Juzi binti yangu kaniletea kitoto cha mbwa ndani ya boksi, akaniuliza aanze kukifundisha lini, maana amesikia asubiri mpaka kifikishe miezi sita. Hofu ya zamani ikanirudia. Kaa nikusimulie.

Miaka ile maduka ya Kibiti yalipoanza kujaa tena sabuni na khanga, baba alikuwa mwalimu huko Ruaruke. Sisi watu wa bara, Wakristo wachache kati ya majirani Waislamu, tulipewa mbwa mdogo ili akikua afukuze nguruwe waliokuwa wakimaliza mihogo yetu. Baba alisema mbwa hafundishwi mpaka abadili meno, ndivyo walivyofanya kwao. Kazi yangu ikawa kumlisha tu. Kila mchana nilikwangua ukoko wa wali, nikauloweka kwa mchuzi wa dagaa, nikamwekea na kumwambia, "Karibu." Mama alitufunda kwamba chakula hakiwekwi mbele ya mtu kimya kimya, nami sikuona kwa nini mbwa anyimwe adabu hiyo. Baada ya wiki mbili, nikitamka neno lile yeye akiwa huko nyuma ya choo, anakuja mbio ulimi nje. Nilijiona fundi.

Ijumaa moja jirani yetu, mzee mkulima wa mpunga, alipitia kwetu akielekea msikitini, na kanzu yake mpya. Akapiga hodi. Mama akaitikia kutoka jikoni, "Karibu, mzee." Mbwa akachomoka, akamrukia, akampaka mate mguuni na kwenye pindo la kanzu. Mzee hakumpiga. Alirudi kwake kujiosha mara saba, moja kwa udongo, na swala ikampita.

Alasiri alikuja tena, akasimama nje ya uzio.

"Mwalimu, mimi sina ugomvi nawe. Lakini akimgusa mtu mwingine, mbwa huyu hakai kijijini."

Baba akajitetea kwamba ni mdogo bado, hajaanza kufundishwa.

"Hajaanza?" Mzee akanitazama mimi. "Kila siku namsikia binti huyu uani anamkaribisha. Kamfunza tangu siku ya kwanza aliyompa chakula. Kamfunza vibaya tu."

Nilitaka ardhi inimeze. Mbwa wangu angefukuzwa kwa kosa langu mwenyewe.

Kumbe mzee alikuwa na mbwa wake wawili huko bondeni, kwenye dungu, kibanda cha kulindia mpunga. Akanielekeza palepale: chakula nikitoe kwa neno lingine, na kila mtu akitamka karibu, nimshike mbwa kwa kamba mpaka alale chini, ndipo apate ukoko. Wiki zilizofuata nyumba nzima tuliogopa ndimi zetu wenyewe. Mama aliwajibu wageni "Pita", nao wakashangaa kapatwa na nini. Kila hodi nilimkimbilia mbwa. Nilikaza kamba mpaka viganja vikachubuka.

Ikafika Ijumaa nyingine. Mzee huyo, kanzu ileile, "Hodi." Mama akajisahau.

"Karibu, mzee."

Kamba ilikuwa imetundikwa msumarini, mbwa hajafungwa. Mbwa alisimama, akamwelekea mzee, mkia ukitetemeka. Halafu akakunja miguu, akalala palepale alipokuwa. Mzee akapita kando yake, akaketi, akanywa chai, akaenda kusali.

Mbwa akabaki kwetu. Siku hizi watu hupiga simu kabla ya kuja, mwezi mzima unaweza kuisha sijasikia hodi mlangoni, na hakuna anayesikia linalosemwa uani kwa jirani. Hayo nimeyazoea. Nisilolizoea ni lile la mchana wa Ijumaa ile, mzee alipokwisha kuondoka. Nilichuchumaa nyuma ya jiko, mimi na mbwa tu, ukoko mkononi, nikamnong'oneza, "Karibu."

Aliniangalia sana. Hakuja.