Wakili wa Pande Zote Mbili

Nilisoma sheria ya biashara ya kimataifa kwa njia ya masafa, na kwetu Kibiti sikuwa na mwanafunzi mwenzangu. Kesi ya mazoezi ilihusu kamba wakavu waliouzwa Komoro wakafika wameota ukungu: itumike sheria ya nchi ipi? Kila jioni nilisimama dirishani nikamtetea muuzaji, kisha nikahamia mlangoni nikajijibu kwa niaba ya mnunuzi. Mama jirani alikuwa akiniuliza, “Baba, leo kashinda nani?”

Siku ya mtihani wa kutetea kesi, Dar es Salaam, kufeli kungenirudisha nyuma mwaka mzima. Nilimaliza hoja zangu vizuri. Kisha, kwa mazoea, nikavuka hadi meza ya pili na kusema, “Mheshimiwa Jaji, hoja hizo hazina msingi.”

Binti aliyepangwa kunipinga akaduwaa. Mhadhiri aliyekaa kama jaji akavua miwani.

“Mzee, rudi kwako. Mwenzio yupo, atakujibu mwenyewe.”

Nilirudi nikaketi, nikijua alama zimepungua. Binti akaanza na hoja ambayo sikuwahi kuifikiria. Nilimsikiliza kwa makini, nikatamani asimalize.