Fimbo ya Saba

Paa la ghala lilivuja, na asubuhi vibandiko vya karatasi vikakutwa vimelala sakafuni kama majani yaliyopukutika. Fimbo kumi na mbili za kijivu, zote urefu wa mkono na unene mmoja, zikabaki bila majina. Sita zilikuwa za nikeli iliyochanganywa na kromu, sita za hafni, metali nzito adimu, na kwa macho huwezi kuzitenga. Mashine ya kupimia metali ilikuwa mbovu. Lori la kuchukua hafni lingefika saa sita.

"Shangazi Paraska," alisema mhandisi Yukhym, "bosi kasema ukikosea hata moja, kesho uko jikoni unamenya viazi."

"Afadhali mimi. Ukimenya wewe, kiazi kinabaki punje."

Paraska alicheka. Alikuwa na miaka thelathini na moja katika ghala lile la Kamianske, na alichojua alikijua kwa mikono. Hafni huvuta kiganja chini kama mtoto aliyelala. Nikeli ya ukubwa uleule huinuka kwa wepesi. Akafumba macho, akapima moja moja. Tano nzito kushoto, saba nyepesi kulia.

"Zinatakiwa sita kwa sita," Yukhym akanong'ona.

Akarudia. Tano, saba. Mikono yake haikuwahi kumdanganya, na sasa aliitazama kama mikono ya mtu mwingine.

Ukungu wa mto Dnipro ulikuwa umeingia hadi mlangoni. Ndani yake akamwona marehemu baba yake, mpiga kengele wa kijijini, akimwambia ashike kamba na asikilize. Akafungua kitambaa cha kichwani, akachomoa uzi, akaining'iniza fimbo ya kwanza, akaigonga kwa kijiko cha mti.

Nikeli ni kakamavu, haitaki kupinda, kwa hiyo ilisema juu, kwa ukali, kama bilauri. Hafni ni nzito na hupinda upesi zaidi. Sauti yake ilikuja kutoka chini, polepole, kama kengele iliyozama majini.

Upande wa nikeli akagonga moja, mbili, hadi sita. Zote juu. Ya saba ikaguna chini.

"Kumbe umejificha huku, mwanangu?"

"Lakini hiyo nyepesi, shangazi!"

"Nyepesi, ndiyo. Saga ncha yake kidogo, hiyo moja tu."

Nikeli hutoa cheche fupi, nyekundu, za kivivu. Yukhym alipoigusisha kwenye jiwe la kusagia, hizi ziliruka nyeupe kama theluji ya kwanza. Yukhym akashika kichwa.

"Mungu wangu. Ni ile hafni tuliyoitoboa ndani kwa majaribio, tukaiziba ncha zote mbili. Nimesahau kuandika!"

Nje lori likapiga honi. Paraska hakugeuka. Alikuwa ameigonga tena na kuinamisha sikio kwenye fimbo, mlio wake ukififia kidogo kidogo, na kijiko bado kikiwa hewani.

"Mwambie asubiri," alisema. "Haijamaliza."