Felicitas wa Kishanda na Sukari Yake

Mwaka aliokuwa darasa la saba, Felicitas aliingiwa na kiu ambayo nyumbani kwao Kishanda hakuna aliyeielewa. Alikunywa maji ya mtungini, akanywa ya kwenye ndoo, na asubuhi akiamka anakwenda moja kwa moja kwenye birika la chai iliyolala. Kwa kuwa alikunywa sana, alikojoa sana, mpaka msichana mkubwa kama yeye akaanza kulowesha godoro alilolala na mdogo wake. Aliona aibu. Akawa anaamka kabla ya mama yake, analitoa shuka na kwenda kulianika nyuma ya nyumba, katikati ya migomba. Alikula kama mtu aliyetoka kulima, lakini sare ya shule ikazidi kumpwaya.

Nyumbani walikuwa wanaishi na bibi mzaa baba, Anatolia. Bibi huyu aliwahi kuzika watoto watatu miaka ile UKIMWI ulipoingia Kagera na watu hawajajua hata jina lake. Kukonda alikufahamu. Alipomwona mjukuu wake anaisha namna ile hakusema neno, ila alianza kumwekea pembeni kipande kizuri cha samaki, na jioni akawa anakaa karibu naye bila sababu. Edvina, mama yake Felicitas, aliuogopa ukimya wa mkwewe kuliko maneno ya majirani.

Baba yake, Lwakatare, alikuwa mtu wa kibanja, shamba lake la kahawa na ndizi, mpole asiyependa kusumbua watu. Alimpeleka mtoto zahanati, wakapewa dawa za malaria, wakarudi. Zile dawa zikaisha na kiu ikabaki. Wiki iliyofuata Felicitas akaanza kutapika, akawa anahema kwa kasi kama aliyepanda mlima, na pumzi yake ikatoa harufu tamu, kama ya ndizi mbivu zinazoanza kuchacha kwenye mtumbwi wa kukamulia rubisi, pombe ya ndizi. Lwakatare alipoinusa alidhani kuna mtu amempa mtoto pombe. Kisha akaona macho yake hayamtazami mtu, akaenda barabarani kutafuta bodaboda. Walimweka Felicitas katikati, dereva mbele na baba nyuma akimshikilia, wakashuka naye hadi hospitali Muleba.

Daktari alimchoma kidole, akaweka tone la damu kwenye kijimashine, na kijimashine kikashindwa kutaja namba kwa jinsi sukari ilivyokuwa juu. Wakamtundikia maji, wakaanza kumpa insulini. Alipozinduka kesho yake ndipo daktari alipomwita Lwakatare na mkewe, akawaambia mtoto wao ana kisukari.

Lwakatare alidhani amesikia vibaya. Sukari aliyoijua yeye ilikuwa ugonjwa wa wazee wenye gari, watu waliokula vizuri muda mrefu. Mtoto wake alikuwa akila ebitoke, ndizi za kupika, na maharage kama watoto wengine wote wa Kishanda. Daktari akamweleza taratibu kwamba kuna kisukari cha namna nyingine, cha aina ya kwanza, ambacho huwapata hata watoto. Mwili wenyewe unalishambulia kongosho, linaacha kutengeneza insulini, na bila insulini chakula hakiwi nguvu, kinabaki sukari kwenye damu. Hakuna aliyemwambukiza, wala hakutokana na kula vitu vitamu. Dawa yake ni kumrudishia insulini kwa sindano.

"Mpaka lini?" Lwakatare akauliza.

"Kila siku, mzee. Maisha yake yote."

Edvina alikaa chini sakafuni. Lakini Bibi Anatolia, aliyefika mchana na kikapu cha chakula, alikuwa na swali moja tu, akaliuliza kwa Kihaya: je, ni ule uliomchukulia wanawe? Akaambiwa sio, na damu ilikuwa imepimwa. Bibi akalia hapohapo wodini, watu wakimtazama, kisha akajifuta kwa kanga na kuanza kupakua. Kwake yeye sindano za kila siku hazikuwa jambo la kulilia. Kuanzia siku ile kila mgeni aliyepita nyumbani alisimuliwa kwamba mjukuu ana sukari, sukari tu, kama mtu anayetangaza habari njema.

Muuguzi wa kliniki, Agnetha, ndiye aliyewafundisha. Aliwapa bomba lenye maji matupu na ndizi mbichi, akawataka wazazi wajifunze kuchoma. Kwenye ndizi Lwakatare aliweza vizuri. Ilipofika zamu ya mtoto, alishika sindano, akaitazama ile ngozi ya tumbo iliyobaki kwenye mifupa, na mkono ukakataa. Edvina naye akasogea nyuma. Felicitas aliwatazama wote wawili, akaona wataumia zaidi yake.

"Nipe, tata," akamwambia baba yake. Akaipokea, akajichoma mwenyewe.

Nyumbani hapakuwa na umeme wala jokofu. Kama Agnetha alivyowaelekeza, waliweka chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, wakajaza mchanga katikati, wakawa wanaumwagia maji ili chupa za insulini zikae kwenye ubaridi. Felicitas akajifunza kupima sukari, kukisia kwa macho ebitoke anavyoweza kula baada ya sindano, na kutambua jasho la ghafla na mikono kutetemeka kuwa ni sukari inashuka, anywe kitu kitamu haraka. Akafaulu mtihani, akaenda sekondari ya bweni.

Huko ndiko mambo yalikoharibika. Wasichana waliona mabomba ya sindano kwenye sanduku lake, na kwa watu wa Kagera, kijana mwembamba mwenye dawa za siri anafikiriwa jambo moja. Hakuna aliyemuuliza. Aliyelala kitanda cha juu yake alihama. Kikombe chake kikawa hakiazimwi. Felicitas akaanza kujichomea chooni, na siku choo kilipokuwa na foleni hakujichoma kabisa. Akajiambia kwamba akikosa mara moja moja haitadhuru. Ikadhuru. Alilazwa akiwa kidato cha pili, akatoka, akarudia yaleyale, akalazwa tena kidato cha tatu, na safari hiyo alikaribia kufa.

Alipofumbua macho alimwona Agnetha amekaa pembeni ya kitanda. Alitegemea kugombezwa. Yule mama alirekebisha dripu, akamtazama.

"Hao unaowaficha wako darasani sasa hivi," akasema. "Wewe ndiye uko hapa."

Felicitas aliporudi shule alisubiri chakula cha mchana, akakaa kwenye benchi la bwaloni, akapandisha blauzi kidogo na kujichoma mbele ya meza nzima. Mikono ilimtoka jasho, na haikuwa sukari kushuka. Msichana mmoja akauliza kama inauma. Akajibu inauma kidogo, kama kuumwa na siafu, akaeleza ni ya nini. Wengine waliendelea kunong'ona mpaka wakamaliza shule. Kitanda cha juu yake hakikupata mtu. Ila hakwenda tena kujichomea chooni.

Baada ya kidato cha nne alikwenda Bukoba kujifunza ushonaji, kisha akapanga chumba Kibeta na kuweka cherehani kwenye kibaraza cha mbele. Alishona sare za shule na za kwaya, Wakatoliki kwa Walutheri, na kazi yake ikapendwa kwa sababu mishono yake haikufumuka. Insulini aliiweka kwenye friji ya duka la jirani, pamoja na soda.

Siku moja friji ile iliharibika, akaitwa fundi, kijana anayeitwa Datius. Alipokuwa anaitoa vitu ndani alikuta vichupa, akauliza ni vya nani. Mwenye duka akamwonyesha kibaraza. Datius akavileta mwenyewe, ameviweka ndani ya chupa ya chai aliyoitia maji baridi, kila kichupa kimefungwa kwenye mfuko kisilowe. Akasema ameona imeandikwa visigande wala visipate joto. Felicitas alikuwa amezoea watu wanaovishika vichupa vile kwa ncha za vidole. Akamshukuru, na alipoulizwa ni dawa ya nini, akamweleza yote bila kupunguza. Friji ilipona siku ileile, lakini Datius aliendelea kuja kuikagua.

Walipoanza kuzungumza habari za ndoa, maneno yakatangulia mpaka Ngenge, kwao Datius, kwamba binti anajichoma sindano. Akatumwa shangazi mtu, Kokushubila, mwanamke mwenye sauti ndogo asiyekawia kwenye salamu. Alifika Kibeta, akakaribishwa, akatafuna buni za kahawa alizopewa kama mgeni, akasubiri. Datius alitaka kumweleza yeye, Felicitas akamwomba atoke nje kidogo. Kisha akaandaa chakula, akaleta na kijimashine chake. Alijipima, akavuta insulini, akajichoma mbele ya mgeni, ndipo akanawa mikono.

"Nimetaka uone kwa macho, shangazi," akasema, "ili ukirudi Ngenge useme ulichokiona."

Kokushubila alimuuliza mengi. Je, ule mwingine amepimwa? Akajibu kwamba amepimwa, na Datius amepimwa, na cheti kipo akikitaka. Je, sukari hii inaisha? Haiishi. Shangazi akaendelea kula.

"Na kuzaa?"

"Wapo wanaozaa. Ni kazi ngumu, na mtu hawezi kuahidi."

Shangazi akasema kama angeahidiwa asingeamini. Alirudi Ngenge, na yaliyosemwa huko Felicitas hakuyajua yote. Alichojua ni kwamba wajumbe wa posa walifika Kishanda, na Lwakatare aliwapokea.

Mimba ya kwanza haikukaa. Ilitoka mapema, na kwa muda Felicitas hakutaka kushika cherehani wala kuona wateja wenye watoto. Datius alipika, akafagia, akawa anamkumbusha kupima. Mimba ya pili waliipanga na daktari kabla haijaingia, na miezi yote ile Felicitas alijichoma vidole mpaka ncha zikawa sugu. Mtoto alitolewa kwa upasuaji Bukoba, kabla ya wakati wake kutimia, mnene kuliko ilivyotarajiwa. Sukari yake ilishuka saa za kwanza, wakamweka chini ya uangalizi, ikatulia. Ni wa kiume. Wanamwita Kyaruzi, na sasa anakimbia kibarazani akiokota vipande vya vitambaa.

Felicitas hasemi kwamba amezoea. Zipo siku anaamka amechoka kuhesabu kila anachoweka mdomoni, na zipo siku dawa inakosekana hospitalini, anapiga simu huku na huku mpaka ipatikane. Macho anapimwa kila mwaka. Mpaka sasa yako salama.

Datius naye amejifunza ya kwake. Sukari ya mkewe ikishuka, anakuwa mkali ghafla, anagombana hata na kijiko, na akipewa juisi anarudi kuwa yeye. Kwa hiyo siku za karibuni, Felicitas alipoanza kufoka kwa sababu mumewe ametandaza vyuma vya friji juu ya sare za kwaya zilizokwisha pigwa pasi, Datius aliviacha vyuma palepale. Alikwenda jikoni, akarudi na glasi ya juisi.

Felicitas akaitazama ile glasi. Akatoa kijimashine, akajichoma kidole, akasubiri, akamgeuzia asome. Sukari ilikuwa sawasawa kabisa.

"Umeona?" akasema. "Hii ni hasira. Ondoa vyuma vyako."

Datius akaondoa vyuma. Juisi akainywa mwenyewe, amesimama mlangoni, wakati mkewe akiwasha tena pasi.