Sauti Niliyoifuta Mikindani

Msinicheke. Najua fundi simu akisimulia mambo kama haya husemwa moshi wa kuchomelea umempanda kichwani. Lakini haya yalinifika mimi, mchana kweupe, kibandani kwangu Mikindani. Uongo niliousema siku ile wanitosha, sina haja ya kuongeza mwingine.

Mimi hununua simu mbovu. Nang'oa bodi, kile kibamba cha ndani kinachohifadhi kila kitu, naifuta ikawa tupu, naitia kwenye simu nyingine. Basi Fatma, binti wa Kiembeni, akaniletea simu ya marehemu babake, kioo kimepasuka. Hawakuwa wakisemezana tangu Fatma aolewe na mume ambaye mzee hakumtaka. Siku ya kufa, mzee alijirekodi humo maneno ya kumwachia bintiye. Radhi au laana, hakuna aliyejua.

"Nitolee sauti ya babangu kwanza, fundi. Wallahi silali. Kisha simu ichukue wewe."

Nikasema inshallah, nikaitia kwenye rundo. Ijumaa asubuhi nikafuta bodi zote kwa mkupuo, na ya mzee ikiwamo. Haraka haraka haina baraka! Nilipogundua, nilijaribu kuirejesha, ikashindikana. Nikampigia Fatma. "Pole dada, ilikuwa imeshaungua." Akaangua kilio, nami nikakata simu.

Adhuhuri watu wakaenda msikitini. Mimi nilijifungia ndani kwa aibu. Mara mzee wa kanzu na kofia yu mbele yangu, bila hodi wala salamu. Tangu lini mzee wa pwani akaingia kwa mtu bila salamu?

"Shikamoo," nikasema. Midomo yake ikajibu, sauti haikutoka. Nilidhani masikio yameziba, lakini malori ya barabara ya Nairobi nayasikia sawasawa. Akashika koo. Akaiinamia ile bodi tupu, akaanza kusema, maneno marefu, machozi yakimtiririka hadi ndevuni, na hapakutoka hata mnong'ono. Niaminini, nilijikojolea. Nilifumba macho, na nilipofumbua hayupo. Komeo nililofunga mwenyewe lipo pale pale.

Jioni nilikwenda Kiembeni kusema kweli, na habari za yule mzee nikazisimulia. Fatma akanionyesha picha ya babake. Ndiye.

"Alilia kwa kunipa radhi, au kwa kunilaani?" akaniuliza.

Sikujua. Mpaka leo sijui.

Sasa kila Ijumaa adhuhuri Fatma huja kibandani, hukaa kwenye benchi akingoja. Na mzee huja. Husimama mbele yake kabisa, akimsemesha, naye binti hamwoni.

"Kashakuja, fundi?" huniuliza. Nami, kwa woga, humwambia bado.

Fundi mwenzangu, uliza, uhifadhi, ndipo ufute. Na ukikosea, sema saa ile ile. Mimi nilichelewa, na kesho ni Ijumaa.