Mtaro Uliopinda Migombani

Mama alipoteleza na ndoo akitoka kisimani na kuvunjika mkono, niliapa kwamba masika mengine hayatamkuta akiteremka kule. Nyumbani kwetu Kyimo, kisima kiko bondeni na nyumba iko juu kilimani. Niliomba likizo kazini, nikanunua pampu na roli la bomba jeusi la plastiki mjini Tukuyu, nikamchukua fundi.

Mtaro ulipaswa kupita kwenye migomba ya baba mdogo, mdogo wake marehemu baba. Nilimwendea mapema kumwomba. "Piteni tu," alinijibu. "Mama yenu ateseke kwa ajili ya migomba?"

Siku ya kuchimba, mimi, kaka yangu na fundi tulianzia kisimani tukipanda. Mawingu yalikuwa yameshaufunika mlima, nasi tulitaka kufukia kabla mvua haijabomoa kingo. Tulipofika katikati ya migomba, baba mdogo akatokea. Aliitazama kamba tuliyoivuta kuonyesha njia. Uso ukambadilika.

"Kumbe mnapita hapa?"

"Ndiyo, baba," nikasema.

Alishuka mtaroni, akakaa chini mbele yetu, panga lake mapajani. "Hapa hampiti."

"Si uliruhusu mwenyewe?" kaka aliuliza.

"Nimesema hampiti."

Tangu baba afariki, kaka alikuwa akiamini kwamba mzee huyu anakitaka kiwanja chetu. Sasa yote yakamtoka: uchoyo, roho mbaya, mpaka wa shamba. Mzee alikaa kimya, akitazama udongo. Ukimya ule ndio uliomchoma kaka zaidi. Akainua sururu, akaikita ardhini karibu kabisa na mguu wa mzee. Mzee hakuuondoa mguu. Nilimwona tu akilishika panga kwa nguvu.

"Mimi sichimbi penye damu," fundi alisema, akaruka nje ya mtaro.

Nilimsihi asiwaache peke yao, nikakimbia kwa mama mdogo. Alikuwa akimenya ndizi jikoni. Niliposema tu mumewe amekaa mtaroni katikati ya migomba, kisu kikamdondoka. Alitangulia mbele yangu peku, mbio, na umri wake ule.

Tuliwakuta vilevile. Mama mdogo aliongea na mumewe Kinyakyusa, kwa sauti ya chini. Mzee akaitikia kwa kichwa. Ndipo mama mdogo akatugeukia sisi.

"Hapa tulimzika mtoto wetu wa kwanza. Alizaliwa, akalia, hakuiona asubuhi. Hatukuweka alama, tulipanda mgomba. Ule mgomba ulishakufa zamani, machipukizi yamesogea huko na huko. Lakini baba yenu huyu anapajua."

Sururu ilimponyoka kaka. Alikaa ukingoni, amekosa pa kuweka mikono.

"Baba, kwa nini hukusema?"

"Ningesema saa ngapi? Umeniita mchoyo kabla sijapata pumzi." Baadaye akaongeza, "Halafu sijawahi kumtaja kwa mtu."

Matone ya kwanza yalianza kupiga majani ya migomba. Mzee alinyanyuka, akaomba jembe, akakwaruza mstari uliolizunguka eneo lile kwa mbali. Tulichimba kwa kufuata mkwaruzo wake, mvua mgongoni, kingo zikiporomoka nasi tukizoa tena. Kwa mzunguko ule bomba lilivutika likakazika, na fundi alipolichomeka kwenye kiungo cha ukutani halikubakiza hata kiganja.

Pampu ilipowashwa, koki ilikohoa hewa, ikatema tope. Nilidhani bomba limepasuka. Kisha maji yakaja, mazito ya udongo, halafu meupe. Mama alikinga kwa mkono wake mzima, akanawa uso, akacheka.

Kaka hakungoja chai. Alikwenda kwa baba mdogo na nguo zake zilezile zenye matope. Waliyozungumza hakutuambia. Ila aliporudi, mama alipomwekea chakula, alisema ameshakula huko, na kwamba kesho atakwenda kumsaidia mzee kupalilia.