Salo ya Mama

Nyumba ya padri tuliyopanga Rosettenville ilijengwa na Waingereza enzi za malkia wao mzee, na walijenga kana kwamba hawajatoka kwao. Matofali mekundu matupu, madirisha ya matao, dohani tatu. Paa limesimama wima ili theluji iteleze. Theluji gani, jamani, hapa Johannesburg? Mapadri walishahama zamani, kila chumba kikawa na mpangaji wake. Sisi tulikaa katika lililokuwa jiko.

Mama alipokuja kutoka Bukavu na moyo wake mgonjwa, aliizunguka nyumba yote akipapasa kuta, kisha akaniuliza, "Salo iko wapi?"

Kwetu sebule ni salo, neno tulilolitoa kwenye Kifaransa. Na salo ilikuwapo: chumba cha mbele, chenye dirisha lililotokeza nje kama tumbo la mjamzito na meko ya vigae vya kijani. Ila mkusanya kodi alikuwa ameigawa kwa mbao, wakalala humo wauza viatu wawili.

"Nyumba kubwa hivi haina salo? Nikikufa, watu watanililia wapi? Ku ngazi?"

"Mama, achana na maneno hayo."

Lakini yaliniuma. Mwanamke aliyepokea wageni wa mtaa mzima salo mwake, leo anakunywa chai juu ya kitanda! Nikawasumbua wale vijana wa viatu mpaka wakasema, "Eish, mama, sawa." Jumamosi wangeng'oa mbao, wahamie chumba cha juu. Mama alifurahi, akatoa kitenge chake kizuri sandukuni.

Jumamosi mbao zikatoka. Nikakimbilia kanisani kuazima viti. Mama, amekwisha kuvaa, akamwambia binti yangu, "Unipeleke ku salo."

Binti yangu kazaliwa hapa. Kiswahili anakisikia, anajibu kwa Kiingereza. Kwake salo ni moja tu, pale wanaposuka nywele. Akamshika bibi yake mkono, akamvusha kwenye robot, zile taa za barabarani, magari yakiwa yamesimama.

Nikarudi na viti. Jua lilikuwa limeingia kwa lile dirisha mpaka kwenye meko, chumba kizima kinawaka, kitupu. Nikaita. Hakuna mtu.

Msusi, Mkongo mwenzetu, alinisimulia baadaye. Mama alisimama mlangoni, akauliza, "Ni huku?" Mtoto akasema ndiyo. Mama akacheka sana, akaketi, akasema basi, munisuke. Upande mmoja ulipokwisha, kichwa kikainama.

Tulimlaza mbele ya meko, tukamlilia pale alipotaka. Mimi nilimlilia kwa hasira, Mungu anisamehe, maana salo yake hakuiona hata dakika moja. Msusi alikuja akamalizia upande wa pili.

Baada ya maziko binti yangu alinifuata chumbani humo, macho yamevimba. Alizoea kumwita bibi yake gogo, kama Wazulu wanavyowaita bibi zao. Akaniuliza kwa Kiswahili, bila kulazimishwa na mtu:

"Mama, gogo alitaka kusukwa, si ndiyo?"

Nikaangalia dirishani.

"Ndiyo," nikamwambia. "Alitaka kusukwa. Ulimsikia vizuri."