Siki ya Marehemu

Shemeji alikwisha kulivingirisha pipa hadi ukingoni mwa mfereji wa maji machafu. Kilichobaki ni kung'oa kizibo.

"Shem, siki hii unaililia mpaka lini?"

Mjane wa ndugu yake alisimama mbele ya pipa, mikono kiunoni. Mtaani walimwita Ulimi. Si kwa umbeya. Katika kiwanda chao kidogo cha bia yeye ndiye aliyeonja na kusema hii tayari, ile bado. Bia ya pipa lile aliipika mumewe kabla hajafariki: nyeusi, kali, akailaza ndani ya mbao za mwaloni ikomae. Badala ya kukomaa, ikachacha. Ikimwagwa, kazi ya mwisho ya mikono yake imekwenda na maji ya kudekia.

"Nipe mpaka adhuhuri."

"Na ikishindikana?"

"Nitaking'oa kizibo mimi mwenyewe."

Akachota bia ya mwaka huu kutoka pipa jingine, nzito, tamu kupita kiasi, akaichanganya na ile ya zamani nusu kwa nusu. Shemeji akaonja, uso ukamkunjamana.

"Hii hata sinki litaitapika!"

Ulimi hakucheka. Alijua alipokosea, na palimuuma: hakupima kwa ulimi, alipima kwa moyo. Alitaka kila mnywaji amwonje mumewe, amwonje yeye tu. Mauti yana choyo, na wanaobaki huambukizwa.

Akaumwaga mchanganyiko. Akasukutua kinywa, akajaza jagi bia tamu tupu, kisha akaanza kuidondoshea ya zamani kwa kijiko. Anaonja, anatema, anaongeza. Bia ililala tu jagini kama asali iliyopoa.

Halafu kijiko kimoja kikaiamsha.

Kwanza ilikuja sukari iliyoungua, kisha zabibu kavu, kisha harufu ya droo ya kabati la zamani. Joto likamshuka kifuani. Mwisho kabisa, uchachu mwembamba ukaufuta utamu wote, kinywa kikabaki safi, kikidai tena. Safari hii hakutema.

Akamsukumia shemeji glasi, naye akaipokea. Akanywa. Akanywa tena.

"Mbona siki siisikii?"

"Imo."

"Iko wapi?"

"Hapo unaponyoosha mkono kuomba nyingine."

Shemeji aliutazama mkono wake, kweli umenyooka, akaangua kicheko. Ulimi naye akacheka, kicheko kikubwa kilichogonga mabati. Kwa mwendo ule wa vijiko, pipa moja lingetia uhai mapishi ya miaka na miaka. Mumewe angekuwemo katika kila chupa, kidogo kidogo, pasipo kumkera mtu.

"Sasa kweli tulikuwa tunaimwaga hii?" shemeji aliuliza.

"Tulikuwa? Ulikuwa! Hebu shika upande huo, tumrudishe ndani. Na polepole, usimtikise."